Kusubiri Picha: Historia ya Uraibu wa Sanaa ya Fraktali

Fraktali ni umbo ambalo kipande chake kidogo, kikikuzwa, huonyesha mikunjo na vichipukizi vinavyofanana na vya umbo zima, na kikikuzwa tena huonyesha vingine, bila kufika mahali ambapo mstari unanyooka. Sanaa ya fraktali ni kazi ya kuyatoa maumbo hayo kutoka katika fomula za hisabati kwa msaada wa kompyuta, kutafuta ndani yake sehemu yenye sura ya kuvutia, kuipangia rangi na kuihifadhi kama picha. Kwa kuwa hakuna brashi inayogusa turubai, na kila nukta ya picha ni jibu la hesabu, historia ya sanaa hii haiwezi kutenganishwa na suala la muda, yaani hesabu hizo humalizika baada ya muda gani, na mtu hufanya nini zinapoendelea. Suala hilo ndilo lililoigeuza kazi ya wanahisabati wachache kuwa uraibu wa kila siku wa watu ambao wengi wao hawakuwa wanahisabati, na ndilo lililoamua uraibu huo ufanyike saa ngapi.

Mizizi ya hisabati yenyewe iko Ufaransa, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Gaston Julia, aliyezaliwa Algeria mwaka 1893 na kupoteza pua yake vitani mwaka 1915, hata akaishi maisha yake yote yaliyobaki akiwa amejifunga kipande cha ngozi usoni, alichapisha mwaka 1918 makala ndefu juu ya kinachotokea pale jibu la fomula linaporudishwa ndani ya fomula ileile, na jibu jipya likarudishwa tena, mara nyingi bila kikomo. Pierre Fatou, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha falaki cha Paris, alilishughulikia jambo hilohilo katika miaka hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe. Wote wawili walithibitisha kwamba baadhi ya namba za kuanzia hubaki karibu ilhali nyingine hukimbilia ukubwa usio na mwisho, na kwamba mpaka kati ya makundi hayo mawili ni mstari wenye vurugu ambao haukuwa na mfano katika jiometri ya shuleni. Walichokosa ni kuuona. Mpaka huo waliueleza kwa maneno na kwa alama za hisabati tu, kwa sababu kuuchora kwa mkono kungedai hesabu nyingi kuliko subira ya binadamu yeyote, na nadharia yao, iliyosifiwa kwa muda, ikawekwa kabatini kwa zaidi ya nusu karne.

Aliyelifungua kabati hilo alikuwa Benoit Mandelbrot, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924 na kuhamia Ufaransa pamoja na familia yake mwaka 1936. Ami yake, Szolem Mandelbrojt, ambaye mwenyewe alikuwa profesa wa hisabati, alimshauri akiwa kijana asome kazi ya Julia, na kijana hakuvutiwa. Mwaka 1958 alijiunga na kampuni ya IBM nchini Marekani, mahali ambapo mtu mwenye hamu ya mambo yasiyoeleweka vizuri angeweza kupata kitu ambacho vyuo vingi havikuwa nacho, yaani kompyuta na watu wa kuiendesha. Mwaka 1967 alichapisha makala mashuhuri juu ya urefu wa pwani ya Uingereza, akionyesha kwamba kadiri rula ya kupimia inavyofupishwa ndivyo pwani inavyorefuka, kwa kuwa rula fupi huingia katika vihori ambavyo rula ndefu ilivirukia. Mwaka 1975 aliyapa maumbo ya namna hiyo jina la fraktali, kutokana na neno la Kilatini fractus, lenye maana ya kilichovunjika, na baadaye akairudia ile kazi ya Julia aliyoikataa ujanani, safari hii akiwa na mashine.

Fomula iliyotoa picha maarufu kuliko zote inaweza kuandikwa kwenye kiganja: z² + c. Mtu huanza na z ikiwa sifuri, huchagua namba c, huzidisha z kwa z, hujumlisha c, na jibu analolipata huwa z mpya. Kila kurudia huitwa hapa mzunguko. Ikiwa c ni 1, mfululizo huenda 0, 1, 2, 5, 26, 677, na haurudi tena. Ikiwa c ni −1, mfululizo huenda 0, −1, 0, −1, ukipiga hatua mbele na nyuma milele. Namba za kawaida, hata hivyo, zingetoa mstari tu, na picha hupatikana kwa kutumia namba changamano, ambazo kila moja ina sehemu mbili, ya kwanza namba ya kawaida na ya pili kizidishe cha kipeuo cha pili cha −1, kiasi kwamba kila namba huwa na mahali pake kwenye karatasi, sehemu moja ikipimwa kwa mlalo na nyingine kwa wima. Nukta zote ambazo mfululizo wake haukimbii hupakwa rangi nyeusi, na nukta zinazokimbia, ambazo hutambulika mara tu z inapovuka umbali wa 2 kutoka kwenye sifuri, hupewa rangi kulingana na idadi ya mizunguko iliyopita kabla ya kutoroka. Umbo jeusi linalojitokeza, mfano wa moyo uliolazwa ubavu na kushikana na duara, likiwa limezungukwa na vinundu na nyuzi zisizohesabika, ndilo liitwalo seti ya Mandelbrot.

Haki inadai isemwe kwamba Mandelbrot hakuwa wa kwanza kulichora. Robert Brooks na Peter Matelski, wanahisabati wa Marekani, walikwisha kuitoa sura yake mwaka 1978 kwa alama za nyota zilizopigwa na printa, picha ambayo ukiitazama leo inafanana zaidi na mdudu aliyefumwa kwenye kitambaa kuliko na kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Mandelbrot, aliyekuwa akifundisha Harvard katika mwaka wa masomo wa 1979 hadi 1980, ndiye aliyeikuza picha na kuuliza maswali juu ya alichokiona. Kuzunguka umbo kuu palionekana vidoadoa vilivyotawanyika kama uchafu wa wino, na inasimuliwa kwamba katika chapisho lake la kwanza wapiga chapa waliona ni uchafu kweli, wakavifuta kwa uangalifu. Kila kidoa, kikikuzwa, kilikuwa nakala ndogo ya umbo zima. Adrien Douady na John Hubbard, ambao ndio walioipa seti hiyo jina la Mandelbrot, walithibitisha mwaka 1982 kwamba vidoa hivyo havikutengana na umbo kuu bali vimefungwa nalo kwa nyuzi nyembamba mno ambazo printa haikuweza kuzionyesha.

Hadi hapo picha zilikuwa mali ya maabara. Mlango ulifunguliwa Agosti 1985, jarida la Marekani la Scientific American lilipoweka seti ya Mandelbrot kwenye jalada lake, kutoka kwa kundi la Heinz-Otto Peitgen na Peter Richter wa Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, na ndani yake A. K. Dewdney, mwandishi wa safu ya michezo ya kompyuta, akaeleza hatua kwa hatua namna msomaji angeweza kuandika programu ya kuichora nyumbani. Mwaka uliofuata Peitgen na Richter walitoa kitabu cha picha cha The Beauty of Fractals, ambacho kiliwekwa mezani sebuleni na watu wasiokuwa na haja ya kusoma hata fomula moja. Makala ya Dewdney ilikuwa na uzito zaidi kuliko kitabu, kwa sababu kitabu kiliwapa watu picha zilizokwisha kuchaguliwa na wengine, ilhali makala iliwapa ufunguo wa kwenda kuchagua wenyewe.

Tatizo lilikuwa muda. Picha ndogo ya kompyuta za nyumbani za wakati huo, yenye nukta 320 kwa upana na 200 kwa urefu, ina nukta 64,000. Na kila nukta ikiruhusiwa mizunguko isiyozidi 150 kabla ya kuhukumiwa kuwa nyeusi, hesabu inaweza kufikia mizunguko 9,600,000. Mtu mwenye kalamu, akitumia dakika moja kwa kila mzunguko na kufanya kazi saa nane kila siku bila mapumziko ya Jumapili wala sikukuu, angeimaliza kwa takribani miaka 55. Kompyuta ya mezani ilihitaji saa kadhaa, na mahali palipokuzwa sana, ambapo mizunguko mingi zaidi ilihitajika, ilihitaji usiku kucha. Ugumu ulitokana na desimali. Chipu kuu za kompyuta hizo zilijua hesabu za namba kamili tu, na hesabu za desimali zilifanywa ama kwa chipu ya ziada iliyonunuliwa kwa gharama kubwa, ama kwa kuiga kwa programu, njia iliyokuwa ya mwendo wa kobe.

Mwaka 1988 mtaalamu wa programu wa Marekani, Bert Tyler, aliandika programu iliyolikwepa tatizo hilo kwa hila ambayo mfanyabiashara yeyote wa sokoni angeielewa. Kama vile muuzaji asivyohesabu shilingi moja na robo bali senti 125, programu yake ilizidisha kila desimali kwa namba moja kubwa isiyobadilika, ikafanya hesabu zote kwa namba kamili, kisha ikayasoma majibu kwa kukumbuka kwamba yamekuzwa. Programu hiyo ilikuja kuitwa Fractint, na ilitolewa bure pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya ndani ya programu ambayo mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Walioipokea walianza kuiongezea vitu: mmoja fomula mpya, mwingine njia ya kukisia eneo lote lililozungukwa na rangi moja bila kulikokotoa, mwingine uwezo wa kutumia skrini za aina nyingine. Walijiita kundi la supu ya jiwe, kutokana na ngano ya Ulaya ya msafiri mwenye njaa aliyechemsha jiwe kwenye sufuria ya maji na kuwashawishi wanakijiji, mmoja mmoja, kuchangia karoti, nyama na chumvi mpaka supu ikawa supu kweli.

Fractint ndiyo iliyozaa mazoea ya kila siku, na mazoea hayo yana ratiba inayoweza kuelezwa kwa undani, kwa kuwa yalilazimishwa na mashine. Jioni, baada ya kazi, mtu alifungua umbo kuu, akaweka kisanduku juu ya sehemu iliyomvutia, pengine shingo iliyo kati ya moyo na duara, paitwapo bonde la farasi bahari kwa sababu ya mikia yake iliyojipinda, akabonyeza kitufe na kutazama sehemu hiyo ikijichora upya kuanzia juu kushuka chini. Akiona haifai, aliikatiza. Akiona kuna dalili njema, aliingia ndani zaidi, na kila hatua ilikuwa polepole kuliko iliyotangulia. Kabla ya kulala alipanga picha moja kubwa, au orodha ya picha ambazo programu ingezifuata yenyewe, akazima taa ya chumba na kuiacha skrini iking'aa. Asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kuangalia kilichopatikana. Mara nyingi kilikuwa kitu cha kawaida, na mara mojamoja kilikuwa kitu cha kuonyesha wengine. Kiswahili kina neno linaloyafaa mazoea hayo: uraibu, neno ambalo kwa watu wa mwambao huhusu tambuu na viungo vyake, popoo na chokaa, na ambalo sasa hutumika pia kwa pumbao lolote lenye saa yake maalumu na lisilomwacha mtu atulie saa hiyo ikipita.

Iko sababu ya pili ya mazoea hayo kustawi, ambayo kwa kawaida husahauliwa. Picha ya fraktali, hata ikiwa na mamilioni ya nukta, inaweza kuelezwa kikamilifu kwa mistari michache ya maandishi: jina la fomula, namba za kona za eneo lililochaguliwa, kikomo cha mizunguko na jedwali la rangi. Fractint iliviandika vigezo hivyo katika faili dogo, na hata ndani ya faili la picha yenyewe iliviambatisha, hivyo kwamba picha ilitembea na fomula yake kama mzigo wenye hati zake. Wakati intaneti ilipopitia waya wa simu ya mezani kwa kasi ndogo na kutuma picha moja kulichukua dakika nyingi, kutuma mistari kumi ya vigezo kulichukua nukta moja ya muda, na mpokeaji aliikokotoa picha upya kwenye mashine yake, usiku wake, kwa umeme wake. Kwa njia hiyo walikuwapo waliojiwekea nadhiri ya kutoa fraktali moja mpya kila siku, na watu wa nchi mbalimbali wakapokea mbegu badala ya mmea. Mpokeaji aliweza kuendelea kuchimba pale mtumaji alipoishia, na mipaka kati ya mtazamaji na msanii ikawa hafifu kuliko katika sanaa nyingine yoyote ya wakati huo.

Uchimbaji huo wa kila siku ulitoa hata hisabati. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Marekani, akitaka kuhakikisha kwamba ile shingo ya kati ya moyo na duara ni nyembamba isiyo na unene wowote, alichukua nukta zilizo juu kidogo ya −0.75 na kuhesabu mizunguko kabla ya kutoroka. Kwa umbali wa 0.1 alipata 33, kwa 0.01 alipata 315, na kwa 0.001 alipata 3,143. Namba hizo, zikizidishwa kwa umbali husika, zinaisogelea pai, ile namba ya 3.14159 inayounganisha mzingo wa duara na kipenyo chake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba pai ingekuwa inamsubiri mahali pale. Uthibitisho kamili ulifuata miaka kadhaa baadaye.

Rangi zinastahili kusimuliwa peke yake, kwa sababu hapo ndipo mtu wa sanaa anapojitenga na mtu wa hesabu. Fomula haijui rangi. Inatoa idadi tu, na uamuzi kwamba 33 iwe buluu ya bahari na 34 iwe rangi ya mchanga ni wa binadamu. Skrini za rangi 256 za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilihifadhi kila nukta kama namba ya rangi katika jedwali, si rangi yenyewe, na kwa hiyo jedwali lilipozungushwa picha nzima ilianza kutiririka bila hesabu hata moja kurudiwa, kama kitambaa cha hariri kinachopitishwa kwenye mwanga. Wengi walinaswa na mchezo huo kuliko na umbo lenyewe, na wengi pia waliharibu picha nzuri kwa kutumia rangi zote 256 kwa kuwa tu zilikuwapo. Picha za miaka hiyo zimejaa zambarau na kijani kikali ambavyo leo huchosha macho.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ultra Fractal, programu ya Mholanzi Frederik Slijkerman, ilileta matabaka: fraktali kadhaa zilikokotolewa kila moja peke yake, kisha zikalazwa moja juu ya nyingine, ya juu ikiwa nusu wazi ili ya chini ionekane. Uamuzi wa msanii ulihama kutoka mahali pa kukuza kwenda kwenye namna ya kuunganisha, na kazi moja iliweza kumchukua majuma. Wakati huo Scott Draves, Mmarekani, alikuwa amekwisha kutunga mwaka 1992 aina nyingine kabisa, ndimi za moto za fraktali, ambazo hazikaguliwi nukta kwa nukta. Nukta moja hurushwa huku na huko na fomula kadhaa zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, mamilioni ya mara, na mwanga huongezeka pale inapopita mara nyingi, hata umbo likajitokeza laini kama moshi wa ubani ndani ya chumba kilichofungwa. Kutoka hapo lilizuka lile bishano ambalo halijawahi kwisha, kwamba kama mashine ndiyo inayochora, sanaa iko wapi. Mwaka 1999 Kerry Mitchell, msanii wa Marekani, aliandika tamko akitetea kwamba kompyuta ni chombo tu na kwamba kazi hii hudai mwelekeo, juhudi na akili ya mtu. Hoja hiyo ni sahihi, ingawa ingekuwa na nguvu zaidi kama ingetaja jambo ambalo kila mwenye uraibu huu analijua, kwamba kwa kila picha inayohifadhiwa kuna mamia yaliyotupwa, na kwamba jicho linalotupa ndilo linalochora.

Mwaka 2009 Daniel White na Paul Nylander walipata fomula ya umbo la pande tatu, iliyopewa jina la Mandelbulb, ambalo mwonekano wake ni kama wa matumbawe yaliyochongwa na seremala asiyechoka. Wanahisabati wakali walinung'unika kwamba si mrithi halali wa seti ya Mandelbrot, kwa kuwa hakuna namba za pande tatu zenye tabia nzuri kama zile changamano, lakini wasanii hawakungoja ruhusa. Mandelbrot mwenyewe alifariki Oktoba 2010 huko Cambridge, Massachusetts. Mwaka 2013 njia mpya ilipunguza kazi ya kukuza mno: badala ya kukokotoa kila nukta kwa namba yenye tarakimu mamia, nukta moja tu hukokotolewa kwa ukamilifu huo, na jirani zake zote hukokotolewa kama tofauti ndogo kutoka kwake. Ukuzaji uliokuwa wa miezi ukawa wa saa.

Faili la vigezo la mwaka 1992, likifunguliwa leo kwenye kompyuta ya kawaida, hutoa picha yake kabla kidole hakijainuka kwenye kitufe, ile picha ambayo mwenyewe aliilalia usiku kucha. Ingedhaniwa kwamba kusubiri kumekwisha, lakini sivyo ilivyokuwa. Waraibu waliongeza ukubwa wa picha kutoka nukta 64,000 hadi mamilioni, wakaongeza mizunguko, matabaka, kivuli na mwanga wa pande tatu, wakaunganisha maelfu ya picha kuwa filamu ya kuzama ndani ya umbo, na mzigo huo ukakua sambamba na nguvu za mashine, mpaka hesabu ikarudi kuchukua muda uleule wa zamani, kuanzia kuzimwa kwa taa hadi chai ya asubuhi.